Mipira saba si saba mpaka uidake mara mbili

Wiki nzima nimekaa pembeni ya mkeka nawaangalia hawa vijana wapya wakijifunza kurusha na kudaka mipira mingi kwa mpigo, jana mmoja kanijia mbio, "Kocha, nimepata saba!" Nikamwambia haya rusha nione. Akarusha saba, akadaka saba, akasimama mikono juu anacheka. Mdogo wangu, hiyo ni flashi. Kila mpira umepanda mara moja ukarudi, basi. Kwolifai, yaani kila mpira uudake mara mbili, ni 14, na hata ukifika hapo umebisha hodi tu, mlango haujafunguliwa. Nikaona heri niandike kabla sauti haijaniisha.

1. Tano kwanza. Najua mmechoka kuisikia lakini kama hujadaka 100 ya tano mfululizo miguu ikiwa imetulia, saba unaitafutia nini? Mpira ukikaa hewani muda mara mbili, unapanda juu mara nne, kwa hiyo kile kikosa kidogo cha kiganja ambacho kwenye tatu hata hukioni, kwenye saba kinakukimbiza uwanja mzima. Rusha ukiwa umeelekea ukuta, utakuzuia usiwe unasogea mbele.

2. Hesabu kwa ukweli. Alex Barron wa Uingereza mwaka 2012 alirusha 11 akadaka mara 23, yaani kwolifai ya 22 na moja juu. Mwaka 2017 akapandisha 14, ile ni flashi na inaitwa flashi, hakuna anayeiita kitu kingine. Sasa wewe wa miezi mitatu unajiongezea?

Nawaambia hivi kwa sababu mimi nilijiongezea. Tulikuwa na shoo hoteli moja Pwani, Jumamosi usiku, mtangazaji akaniuliza aseme mingapi, nikasema saba. Rekodi yangu ya saba ilikuwa kudaka 9. Nikarusha, mkono wa kushoto ukakata chini, mpira wa nne ukaugonga wa tatu hukohuko juu, yote ikamwagika. Ilikuwa mipira ya tenisi. Nikaokota haraka haraka kwa aibu, nikaikumbatia kifuani nikatoka, sikuhesabu. Nilikuwa na sita. Wa saba ulibaki kwenye kivuli karibu na spika, na mdogo wetu wa timu, miaka 17, akaingia na mbio zake, akapiga samasoti ya nyuma, akatua juu yake. Nilisikia kifundo cha mguu kikilia kama mtu kavunja muwa. Miezi minne hakuruka. Nilienda kwao kuomba msamaha, mama yake akanikaribisha vizuri tu, akanimiminia chai, na ile chai nilishindwa kuimeza. Mpaka leo nikimaliza kurusha nahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na ninyi mkinisikia msicheke, hesabuni pia.

3. Achaneni na mipira inayobiringika. Soksi ya zamani, mtama, uzi na sindano, jioni moja umeshona saba, ikianguka inakaa palepale. Na yote iwe na uzito mmoja jamani, sio huu mkubwa huu mdogo.

4. Sita na nane ni fauntini, yaani mipira haivuki kwenda mkono wa pili, kila mkono na yake. Kama mkono wa kushoto peke yake haurushi tatu, sita usiiguse. Mimi ule wa kushoto niliuruka, nikaja kuurudia baada ya ile shoo, nikakaa nao karibu mwaka mzima natoa tabia mbaya niliyojifundisha mwenyewe kwa miezi minane.

5. Bega likiuma acha. Kesho ipo.

Yule wa jana leo asubuhi nimemkuta kaelekea ukuta. Karusha saba mara kadhaa, mwisho akageuka, jasho linamtiririka, "Kocha, ni 11. Bado tatu." Halafu akainama akaanza kuokota, anahesabu kwa sauti.