Njiti ya kiberiti si kipimo cha gesi

SWALI: Fundi, tangu nibadilishe mtungi wa kilo 15 wiki iliyopita, kila asubuhi jikoni nasikia harufu. Jirani alipitisha kiberiti kilichowashwa kwenye mpira na regileta, hakikushika kitu, akasema mtungi mpya hunuka hivyo. Tunaishi nyumba ya kupanga, vyumba sita, Tabata. Niendelee kuutumia?

JIBU: Usiutumie. Funga, ng'oa regileta, upeleke mtungi nje penye uwazi.

Sasa hicho kiberiti. Nakutana nacho kila mara, na aliyekiwasha huwa ameshajiona fundi. Gesi ya kupikia hushika moto ikiwa takriban asilimia 2 hadi 10 ya hewa. Ikipungua hapo haiwaki, ikizidi haiwaki pia. Jirani yako hakuonyesha kwamba gesi haipo. Alibahatika tu kwamba pale alipopitisha njiti, gesi haikuwa katika kiwango cha kuwaka. Tena ni nzito kuliko hewa, hushuka sakafuni na kupenya chini ya mlango. Yeye anahangaika na regileta, kumbe huenda imeshamzunguka miguuni.

Hiyo harufu huongezwa kiwandani makusudi ili ushtuke. Harufu ya "mtungi mpya" haipo.

Kipimo ni povu la sabuni: paka kwenye valvu, regileta na mpira wote, utazame panapotoa mapovu. Mara nyingi nakuta raba ya valvu imechakaa. Muuzaji akubadilishie mtungi, asikuzibie kwa nailoni.

Na hao wa vyumba vingine, nani anapika kwa mkaa koridoni? Gesi yako itamfuata huko. Harufu ikizidi usiku msiguse swichi yoyote, hata ya kuzima, wala feni. Fungueni milango, gongeaneni, tokeni wote, ndipo mpige 114 Zimamoto mkiwa nje, mbali na nyumba.

Ila kiberiti ni mtoto mbele ya wanaohamishia gesi kwenye mitungi midogo uani kwa watu. Mtungi hauruhusiwi kujazwa hadi juu. Gesi ikipata joto hutanuka, na isipopata nafasi hutafuta njia. Usiku wa Februari 1, 2024, Embakasi, Nairobi, gari la gesi lililipuka kwenye kituo kisicho na kibali katikati ya makazi. Waliolala jirani hawakuwa wamenunua hata kilo moja pale. Kwa hiyo kagua lakiri kabla ya kulipa, na ukiona muuzaji anaunganisha mpira kutoka mtungi mkubwa kwenda wako wa kilo 6 ili "akufanyie nafuu", beba mtungi wako uondoke, kisha mwambie mjumbe wa mtaa.