Fundi, kweli mazabodi imeikataa kadi?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, ile ya kasha kubwa, ina i5 ya kizazi cha 3 na Debian 12. Kazi yangu ni uhasibu, nikataka skrini mbili: moja ya vitabu, nyingine ya ankara. Nikanunua kadi ya picha, GeForce GT 730, nikaichomeka na kuweka draiva ya NVIDIA kwa apt, kile kisakinishi cha Debian. Nikiwasha naona nembo ya Dell, naona menyu ya Debian, mistari inapita, halafu giza. Nikibonyeza Ctrl+Alt+F3 napata maandishi. Humo amri ya lspci -k, inayoorodhesha vifaa na draiva zake, inataja GK208B (chipu ya kadi), kisha "Kernel modules: nvidia", basi. Muuzaji anasema mazabodi ni ya zamani, haipatani na kadi, ninunue nyingine.
Mhasibu, Morogoro

JIBU: Marahaba. Pesa ya mazabodi iache mfukoni.

Kadi na mazabodi humalizana kabla Linux haijaamka. Kama waya wa skrini umeuchomeka kwenye kadi yenyewe na ukaona nembo ya Dell, basi BIOS (programu ya kwenye mazabodi inayoamsha kompyuta) imeshaitambua kadi na ndiyo inayoitumia kuchora. Zingekuwa hazipatani, ungekaa gizani tangu mwanzo, pengine na milio, na hiyo menyu usingeiona. Giza lako linaingia baada ya keneli, yaani kiini cha Linux, kupakiwa. Hapo mazabodi imeshatoka kwenye kesi.

Hii habari ya "bodi ya zamani" naisikia sana, na mara nyingi kwa mtu mwenye bodi ya kuuza. PCIe, ile nafasi ya kuchomekea kadi kwenye mazabodi, imeundwa ili kadi na bodi za vizazi tofauti zielewane kwa kasi ya iliyo ya chini. Tena kadi yako ni PCIe 2.0 ya njia 8 za data (x8), na Dell yako kwa prosesa hiyo inatoa 3.0. Bodi ndiyo iliyo mbele! Ukiona x8 kwenye lspci -vv usishtuke, kadi ilizaliwa hivyo. Umeme nao si tatizo: GT 730 haizidi wati 50, na nafasi ya PCIe inaruhusiwa kutoa hadi 75. Ungeleta kadi kubwa inayodai waya wake wa umeme ningekuwa na maneno mengine, maana pawa saplai ya Dell hiyo ni ya wati 275 tu. Angalia kitu kimoja: ndani mna nafasi mbili ndefu zinazofanana, lakini moja imeunganishwa njia 4 tu. Kadi ikae kwenye ile iliyo karibu na prosesa.

Sasa rudi kwenye lspci. Chini ya kadi panatakiwa kuwe na mstari unaoanza "Kernel driver in use". Kwako haupo. Maana yake draiva imewekwa kwenye diski lakini hakuna inayoiendesha kadi. Andika, ukiwa root (msimamizi wa mfumo):

dmesg | grep NVRM

Nategemea utakuta maneno "470.xx Legacy drivers". GK208 ni ukoo wa Kepler, na NVIDIA waliuacha ukoo huo kwenye tawi la 470, yaani matoleo ya draiva yanayoanza na 470. Ile nvidia-driver uliyoivuta kwa apt ni ya tawi lililopita 500, kwa hiyo inaitazama kadi yako na kuikataa. Na wakati inawekwa ilishaifungia nouveau, draiva huria ambayo ingekuonyesha picha. Ndiyo maana umebaki huna hata moja.

Kwa vitabu na ankara, mimi ningerudi kwa nouveau na kuishia hapo:

apt purge '*nvidia*'
update-initramfs -u
reboot

Ikigoma, chungulia ndani ya /etc/modprobe.d kama kuna faili limebaki na maneno "blacklist nouveau". Lifute, kisha rudia amri ya pili na ya tatu.

Ukitaka draiva ya NVIDIA yenyewe, baada ya ile purge weka nvidia-tesla-470-driver pamoja na linux-headers-amd64. Kabla ya hapo jaribu mokutil --sb-state. Ikijibu kwamba Secure Boot (ulinzi unaokataa programu zisizo na saini inayotambulika) imewashwa, draiva hiyo itakataliwa tena, safari hii kwa "Key was rejected by service", mpaka uizime kwenye BIOS au usajili ufunguo wake.

Wasomaji wengine wenye GT 730, msinakili hapa kabla ya kuangalia lspci. Jina hilohilo la boksi limeuzwa na chipu ya GF108, ukoo wa Fermi, ambao mwisho wake ni tawi la 390. Hao wabaki na nouveau bila mjadala.

Na wewe wa Morogoro, geuza kasha uone nyuma. OptiPlex 7010 ina matundu mawili ya DisplayPort na moja la VGA, na i5 yako ina picha zake ndani. Skrini mbili za ankara inazibeba bila kadi yoyote, labda ununue adapta ya DisplayPort kwenda HDMI. Kama muuzaji bado anapokea kurudishiwa kadi, mpelekee.