Mwanangu, Kijerumani usikiache

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku Lamu sote wazima, na mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza mtoto wa Amu atapata faida gani kwa kusoma Kijerumani cha mwanzo hapo chuo kikuu, au bora ulibadilishe somo hilo uchukue la biashara. Usilibadilishe.

Unaijua ile nyumba ya barabara kuu iliyokuwa posta ya Wajerumani. Ilifunguliwa 1888. Wakati huo Witu, huko bara, ilikuwa chini ya himaya ya Ujerumani tangu 1885, baada ya ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, kupata ardhi kwa Sultani Ahmed. Mwaka 1890 Ujerumani ikaiachia Uingereza Witu, katika mkataba uleule ulioipa Ujerumani kisiwa cha Helgoland. Hati nyingi za mambo hayo ziko kwa Kijerumani, nasi wenyewe twangoja kusimuliwa.

Lakini linaloniuma zaidi ni mashairi. Mwaka 1940, kule Hamburg, Ernst Dammann alichapisha kitabu cha tungo za Kiamu, lahaja yetu hii ya Lamu, pamoja na tafsiri na maelezo kwa Kijerumani. Maneno ni ya wazee wetu, na ukitaka kujua huyu bwana aliyaelewaje, huna budi kukijua Kijerumani. Natamani uwe mtu wa kukifungua kitabu kama hicho useme: hapa kapatia, hapa kakosea. Nani ana haki zaidi ya kusema hivyo kuliko aliyelelewa na Kiamu?

Ama hizo der, die, das unazozilalamikia, zinazotangulia nomino kuonyesha jinsia yake, ya kiume, ya kike au isiyo ya kiume wala ya kike, wewe umekulia kwenye ngeli. Hukuelezwa kwa nini tunasema kiti hiki na mti huu. Ulisikia mpaka ikakukaa. Basi usihifadhi Tisch peke yake, hifadhi der Tisch (meza), die Tür (mlango), das Fenster (dirisha), tena kwa sauti, kama ulivyohifadhi Juzuu Amma. Wala usihangaike kutafuta maana ndani yake. Msichana ni das Mädchen kwa sababu ya kile kiishio -chen tu, si kwamba wamemfanya kitu.

Sentensi nazo zataka subira. Ich habe gestern Fisch gegessen: jana nilikula samaki, na huko kula kwaja mwisho kabisa. Utazoea.

Kwenye adabu sina wasiwasi nawe. Mwalimu na mtu mzima usiyemzoea mwite Sie, yaani wewe ya heshima, wanafunzi wenzako du, wewe ya mazoea. Mkubwa akitaka umwite du, yeye ndiye atakayeanza kukwambia. Aliyelelewa kwa shikamoo hilo halimshindi.

Pesa ya kamusi nitakutumia Ijumaa. Chagua inayoonyesha jinsia na wingi wa kila nomino, maana wingi wao hauna njia moja: Tisch huwa Tische, Tür huwa Türen, na Fenster hubaki Fenster.

Baba yako