Moshi wa bluu baada ya mteremko
Kaka, kama hiyo Land Cruiser ya petroli inatoa moshi wa bluu asubuhi ukiwasha, kisha tena ukimaliza mteremko mrefu na kukanyaga mafuta, usimruhusu fundi akimbilie pistoni. Mshukiwa wa kwanza ni sili za vali, vile vizibo vidogo vya mpira vinavyozuia oili isipenye kwenye silinda. Ukishuka umeachia pedeli, injini inanyonya kwa nguvu, oili inapenya pembeni ya shina la vali. Ukikanyaga tu, inaungua kwa mkupuo. Ringi za pistoni zilizochoka hutoa moshi hata ukivuta mzigo, kwa hiyo pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kwanza uone kama ni ringi. Sili zangu nilizikuta ngumu kama ukucha, na hedi (kichwa cha injini) hatukuishusha kuzibadilisha. Safisha pia vali ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue, haina gharama.