Punguza risasi kwanza, jaketi la kununua lipo tu

Dada, hongera kwa kumaliza kozi ya kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa. Unasema umezama mara nne pale Kendwa, kuna mtu Dar anakuuzia seti yake nzima ya vifaa iliyotumika, na kila mkifika mita 5 kusubiri zile dakika tatu za usalama kabla ya kutoka majini wewe unachomoka kama boya, kwa hiyo safari ijayo utaomba risasi zaidi, yaani vile vipande vya madini mazito vya kufunga mkandani ili ushuke. Naanza na hilo la risasi, maana limenitesa mimi mwenyewe, na naona unataka kulitibu kinyume.

Nina kilo 68. Mizamo yangu ya kwanza Mnemba nilifungwa mkanda wa kilo 8. Mwalimu mwenye wanafunzi wanne anataka wote wafike chini kwa wakati mmoja, simlaumu. Nilifika chini kweli, nikajaza hewa kwenye jaketi (lile la kuvaa linalojazwa hewa ili uelee) nisiburuze mchanga, nikapanda, nikaitoa, nikashuka tena, hivyo hivyo mzamo mzima. Mara ya tatu pezi langu lilikata tawi la tumbawe nikiliona. Tawi la urefu ule limekua kwa miaka. Mpaka leo linaniuma.

Sikiliza kinachotokea. Kila kilo ya risasi iliyozidi inabidi uifidie kwa takriban lita moja ya hewa ndani ya jaketi, na hewa haikai ilivyo. Kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji, kwenye mita 5 ni mara moja na nusu. Ukiwa na kilo 4 za ziada una lita 4 za ziada kule mita 10. Panda hadi mita 5 bila kuzitoa, zimekuwa lita 5 na theluthi. Ukipanda kidogo zinavimba, zikivimba zinakupandisha, na karibu na juu ndipo mambo huenda kasi zaidi. Yaani ile risasi uliyoongezewa ili utulie ndiyo inayokurusha.

Inawezekana pia kweli umepungukiwa, kwa sababu mtungi hupungua uzito. Mtungi wa alumini wa lita 11 wenye bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo) una hewa ya kilo 2.6 hivi, na ukibaki na bar 50 karibu kilo 2 zimeshaondoka. Ndiyo maana ukijipima asubuhi na mtungi uliojaa unajidanganya. Jipime mwisho wa mzamo, ukiwa na bar 50, kando ya boti. Simama wima, miguu itulie, toa hewa yote kwenye jaketi, vuta pumzi ya kawaida uibane kidogo (hapo juu tu, chini usibane pumzi kamwe). Maji yakufike usawa wa macho. Ukitoa pumzi uanze kuzama taratibu. Ukizama hata na pumzi ndani, toa kilo moja, rudia siku nyingine. Mimi nilishuka kilo moja moja hivyo, leo nazama na kilo 4 nikivaa suti ya kuzamia yenye unene wa milimita 3. Usinakili namba yangu, mwili wako si wangu. Na ukijipima kwenye bwawa, kumbuka maji ya chumvi ni mazito zaidi: mtu na vifaa vyake wakiwa kilo 90, baharini ataongeza kilo 2 na kidogo.

Ukishapata uzito wako, jaketi liguse mara chache, fanya kazi kwa mapafu. Vuta polepole, subiri sekunde mbili tatu, ndipo mwili utapanda. Wengi hawasubiri.

Sasa ile seti. Mimi nisingeichukua. Nunua miwani yako ya kuzamia kwanza: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kwa pua, uachie mkono. Ikishika, inakufaa, hata kama ni ya bei ndogo. Kama umesuka, hakikisha hakuna unywele uliopita chini ya mpira wake, maji huingia hapo hapo. Ikiwa mpya isugue ndani kwa dawa ya meno, la sivyo itajaa ukungu. Pesa ikibaki, kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa kama saa ikuonyeshe kina na muda, halafu suti inayokubana vizuri. Julai na Agosti maji yetu hushuka hadi nyuzi 25 na baridi utaihisi mzamo wa pili. Mapezi kodi tu.

Mtungi usinunue kabisa, vituo vyote vinakupa. Regulata (kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi) iliyotumika ulizia ilifanyiwa huduma lini na fundi gani. Akianza kuzunguka, achana nayo. Jaketi nalo livae, ulijaze mpaka mwisho: likikubana kifua ushindwe kupumua, au likipanda mpaka masikioni, si saizi yako.

Kila mzamo andika daftarini: suti gani, mtungi gani, kilo ngapi, na ulibaki na bar ngapi ulipojipima. Ukifika mzamo wa kumi niletee hizo namba tuziangalie pamoja.