Mswala ulioliwa weusi tu

SWALI: Assalaam alaikum. Babu alituachia mswala wa sufu wa Kibaluchi. Wekundu na buluu bado umesimama, lakini maua na mistari myeusi imebonyea hadi kwenye mafundo. Mnunuzi anasema umeliwa na nondo, anataka kuuchukua kwa bei ya kutupa. Ni kweli? Na nitausafishaje?
– Msomaji wa Langoni, Lamu

JIBU: Waalaikum salaam. Kwa maelezo yako, hao si nondo. Kiwavi wa nondo hachagui ua wala mstari. Hula kwa viraka, hasa pale palipofunikwa na kasha au kitanda, na huacha vifuko vya utando mweupe na vinyesi kama punje za mchanga.

Kilichokula weusi ni rangi yenyewe. Zamani weusi ulipatikana kwa chuma pamoja na vitu vyenye tanini, kama maganda ya komamanga. Chuma hicho huichakaza sufu polepole, miaka kwa miaka. Kwa wakusanyaji hilo si kasoro kubwa. Wengine hulipenda hasa, na ndiyo maana wapo wanaolighushi kwa mkasi. Tazama kwa kioo cha kukuza: nyuzi zilizokatwa zina ncha sawasawa, zilizolika hazilingani.

Kabla ya kutaja bei, upindue. Ua lionekane mgongoni karibu kama mbele, na matamvua yawe ni mtande wenyewe (nyuzi za urefu zinazobeba mafundo) uliotokeza. Yakiwa yameshonewa, ni kazi ya mashine au yalibadilishwa baadaye. Chomoa kipande kidogo cha uzi wa tamvua ukichome: sufu hunuka nywele, pamba hunuka karatasi, nailoni huyeyuka ikawa tone gumu. Mtande wa Kibaluchi cha zamani kwa kawaida ni sufu.

Kusafisha: usiuanike kambani na kuupiga fimbo, uzito wake utakata mtande uliozeeka. Ulaze kifudifudi juu ya jamvi kivulini, upigepige mgongo kwa kiganja, vumbi lishuke. Maji yasubiri. Lowesha kitambaa cheupe cha pamba, kikandamize dakika moja juu ya kila rangi. Kikitoka na doa, usifue kabisa. Kisipotoka, tumia maji ya mvua. Maji ya kisima yenye chumvi hayafai, kwani chumvi ikibaki kwenye sufu huvuta unyevu kila siku. Sabuni ya unga ni kali mno kwa sufu, na jiki huiyeyusha.

SWALI: Mimi nimewaona viwavi wenyewe. Nifanyeje?
– Msomaji wa Malindi

JIBU: Funga zulia ndani ya plastiki, toa hewa, liweke wiki mbili kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukilitoa, usifungue plastiki mpaka siku ya pili, ili jasho la baridi libaki nje. (Friza ya samaki inafaa, mradi plastiki iwe mbili.) Kisha lizungushe kwenye bomba, usilikunje, ulifunike kwa marekani iliyofuliwa, na ulifungue kila mwezi: nondo hupenda pasipoguswa.