Mipira ya Hita, Wadogo Zangu

Juzi nimemkuta kijana wetu hapa gereji kachomoa mipira yote miwili ya hita ya gari, ile inayopasha joto ndani, na kuiziba kila mmoja kwa bolti na klipu. Namuuliza kulikoni, ananijibu: "Fundi, hapa Tanga nani anawasha hita?" Nikakaa juu ya tairi nikacheka, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, nikalipia silinda hedi, kile kichwa cha injini.

1. Weka alama kabla ya kuchomoa. Mmoja unapeleka maji ya moto kwenye hita, mwingine unayarudisha kwenye wota pampu, ile inayozungusha maji ya kupoza injini, upande wake unaovuta, na mabomba yenyewe yamefanana kama mapacha. Mpira ukigoma, uchane kwa kisu. Ukiupindua kwa plaizi bomba litakatika, na kushusha dashibodi ya Noah nisikuhadithie.

2. Hita ikivuja na mteja hana hela, mpira utoke kwenye injini urudi moja kwa moja kwenye pampu. Usizibe. Kuna injini ambazo, thamostati (mlango wa maji ya kwenda kwenye rejeta) ikiwa imefunga, maji huzungukia kwenye mipira hiyohiyo ya hita.

Mzee mmoja aliniletea gari, zulia la upande wa abiria limelowa chepechepe. Nikaziba. Bolti mbili, klipu mbili, dakika kumi, nikajiona bingwa. Akapakia machungwa ya Muheza, akafika Mombo salama. Ile kuanza kona za kupanda Lushoto, gia ya pili, presha ikapanda, na mpira wenyewe ulikuwa umechoka, ukaitema bolti. Mshale wa joto ukapanda, halafu ukashuka. Mzee wa watu akamshukuru Mungu, akakanyaga mafuta. Kumbe maji yameisha, sensa inapima hewa! Alivyonipigia simu, injini ilikuwa imeshakata. Hedi imepinda, gasketi imeungua. Nililipa kidogo kidogo miezi minne. Mke wangu akiuliza hela inakwenda wapi, namjibu "mpira", akadhani nimeanza kubeti.

3. Klipu ikae nyuma ya kile kinundu cha bomba, siyo juu yake.

4. Hewa. Wengi mnajaza maji, mnafunga, mnanawa mikono. Injini ikiwa ya baridi, elekeza pua ya gari mlimani, weka swichi ya hita kwenye moto, jaza rejeta, washa kifuniko kikiwa wazi, uongezee mpaka mapovu yakome. Zima, funga. Washa tena, na gari likishapata moto shika mipira: yote miwili iwe ya moto. Mmoja ukiwa baridi, hewa bado imo au hita imeziba. Baada ya hapo kifuniko usikiguse mpaka injini ipoe. Kovu la mkono wangu wa kushoto mnalijua, mnaniulizaga kila siku.

Na wewe wa juzi, mwenye gari anapanda Lushoto Ijumaa. Bolti zile nazitaka mezani kesho asubuhi.